Kalamu ya Risasi Baina ya Jamia na Kawangware



Anayetoka Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi, akisha kuvaa viatu vyake na kupiga hatua chache kuelekea Maktaba ya McMillan, hulakiwa na simba wawili wa mawe walio mlangoni mwa maktaba hiyo. Ujenzi wa msikiti ulianza mwaka 1925 ukakamilika mwaka 1933. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1931. Majengo mawili haya yalikua pamoja kama watoto wa mtaa mmoja, ila tabia hazikufanana. Msikiti umepambwa kwa makuba matatu, minara miwili, matao na maandishi ya Qur'ani, pasi na umbo la kiumbe hata kimoja. Maktaba imetanguliza simba, na kwa miaka mingi ya ukoloni simba hao walilinda mlango ambao Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kuupita. Ijumaa tuliyosali hapo tulimwona mtoto wa kiasi cha miaka saba, kanzu imemfika visiginoni, akichopoka mkononi mwa babake akawakimbilia simba wale. Baba alimwita kwa ukali. Mtoto alirudi, lakini shingo ilibaki imegeuka nyuma.

Safari yetu ilikuwa na sababu. Mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Nairobi na msomaji wa kurasa hizi, alituandikia kwamba bintiye wa Gredi ya 5, katika shule moja ya msingi ya Kawangware, amekatazwa na babake kuchora. Hakukatazwa kuchora watu tu, amekatazwa kuchora. Daftari la sanaa limechanwa, na sanduku la krayoni limetiwa kabatini kwa kufuli. Mwalimu naye, kwenye taarifa ya muhula, amemwandikia mtoto kuwa yu chini ya matarajio, kwa kuwa hana kazi ya kuonyesha. Baina ya wazee wawili hao, akaandika yule mama, mtoto ameanza kuchora kwa kidole kwenye vumbi la dirisha, na akisikia hatua za babake hupangusa.

Sentensi hiyo ndiyo iliyotutoa Mombasa.

Kabla ya kwenda Kawangware tulitenga siku nzima kulitembea jiji, tukitaka kuliona kwa jicho la mtoto. Nairobi haimwachi mtoto afumbe macho. Katika barabara ya Kimathi yuko Dedan Kimathi wa shaba tangu mwaka 2007, na bunduki yake mkononi. Katika barabara ya Moi yuko Tom Mboya, mbele ya Jumba la Nyaraka za Taifa. Ndani ya jumba hilo umehifadhiwa mkusanyo wa marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache ya mwaka 1966 kisha akajiuzulu, akautumia umri wake kukusanya vitu vya sanaa vya Afrika: vinyago, nguo, mapambo, vyombo. Sehemu nyingine ya hazina yake iko katika jengo la kale la Mkuu wa Mkoa, lililojengwa mwaka 1913, ambalo sasa huitwa Nairobi Gallery.

Tulipokuwa katika Nyaraka liliingia kundi la wanafunzi waliovaa sare, kiasi cha arobaini. Mwalimu aliwapanga mstari, akawaambia wasiguse, wasiseme, wasisimame. Walipita mbele ya kazi za mikono ya bara zima kwa muda usiofika dakika kumi, wakatoka upande wa pili kama maji ya mfereji. Hatumlaumu sana, basi la shule lilikuwa likipigiwa honi nje. Lakini msichana mmoja wa nyuma alisimama mbele ya kitambaa kilichofumwa, akakifuata mshororo wake kwa kidole hewani bila kukigusa, na twaona yeye peke yake ndiye aliyesoma siku ile.

Asubuhi ya pili tulipanda matatu namba 46. Wasomaji wetu ambao hawajafika Nairobi wajue kwamba matatu za huko ni mabango yanayokwenda: nyuso za wachezaji na waimbaji, maandishi yaliyopindwa hata hayasomeki, taa za rangi ndani na nje. Kanuni za mwaka 2004, zilizojulikana kwa jina la Waziri Michuki, ziliyavua magari hayo mapambo na kuyafunga mstari wa manjano. Miaka kumi hivi baadaye rangi zikarudi kwa kishindo. Muziki wake si wa kumpandishia mama mwenye mtoto mchanga, na picha nyingine tulizifumbia macho. Hata hivyo mkono ulioandika jina la gari lile tulilolipanda ulikuwa mkono wa mwandishi hasa. Herufi zilisukana kama thuluthi ya khati yetu, na yamkini kijana huyo hajapata kuisikia khati maishani mwake.

Gari likapita Hurlingham na Yaya. Upande huo wa Kilimani palikuwa na mahali pa wasanii palipoitwa Kuona, na njia yake inaitwa Likoni. Tulicheka wenyewe: tumetoka pwani kuja kuikuta Likoni isiyo na feri. Kuona ilianza mwaka 1995 katika Makumbusho ya Taifa, na huku Kilimani wachoraji na wachongaji walifanya karakana zao ndani ya makontena ya melini. Baadaye tukapita Valley Arcade, miti mirefu ya Lavington, shule za binafsi zenye kuta za mawe. Tuliwahi kuingia katika moja ya shule za namna hiyo miaka iliyopita, tukaona chumba kizima kilichotengwa kwa sanaa, chenye meza pana, masinki ya kuoshea brashi na tanuri la kuchomea udongo. Halafu barabara ikateremka kidogo, miti ikaisha, mabati yakaanza. Mtu mwenye miguu mizima aweza kutoka kwenye tanuri lile hadi darasa tulilokwenda kabla jua halijamchosha.

Darasa lenyewe lilikuwa na watoto zaidi ya sitini na sanduku moja la krayoni, tena nyingi zimevunjika. Mwalimu, mwanamama wa makamo asiye Mwislamu, alitupokea kwa heshima. “Karibu, Sheikh. Nilijua mtakuja, mama wa mtoto aliniambia. Lakini mkija kuniambia niache kuchora, nitawasikiliza tu, kisha nitaendelea.” Tukampenda papo hapo.

Alitueleza historia ya somo lake kama mtu anayeeleza maradhi ya jamaa yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985 sanaa na ufundi vilifundishwa na kutahiniwa, na watoto walibeba vikapu na vinyago kwenda navyo shule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani wa darasa la nane yakapunguzwa, na sanaa ikaachwa nje. Haikufutwa kwenye ratiba. Ilibaki pale kama jina la marehemu kwenye mlango, na saa yake ikaliwa na hesabu. Kizazi kizima cha walimu wa leo kilipita shule ya msingi bila kushika brashi, kisha mwaka 2019 mtaala wa umilisi ukaanza nchi nzima, wakaambiwa wafundishe kuchora, kupaka rangi, kolaji, mosaiki, uchapaji, ususi na ufinyanzi. Mwaka 2024 masomo yakapunguzwa tena. Sanaa, muziki na michezo vikatiwa kapu moja. Jambo moja lilitushangaza tulipolisikia. Katika tathmini ya Gredi ya 6, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, maswali ya sanaa na maswali ya elimu ya dini, Uislamu ukiwemo, yaliwekwa katika karatasi moja ya mtihani. Serikali imevilaza kitanda kimoja vitu ambavyo nyumbani mwa binti yetu haviwezi kukaa chumba kimoja.

Mwalimu akatuomba tumsaidie kipindi kile. Alisema watoto wake hawana picha za kutazama, wala yeye hataki wanakili za vitabuni. Hupenda mtu awasimulie kitu, wao wafumbe macho wakione, kisha wachore. Alikuwa hajui kwamba njia hiyo ina ukoo. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi wake kwa maneno, akawaacha wajitafutie sura. Miongoni mwa waliopita Makerere ni Elimo Njau, Mtanzania wa Kilimanjaro, ambaye mwaka 1965 na wenzake walianzisha Nairobi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa. Njau alishika sana suala hili la kutonakili. Alilitolea tamko mashuhuri ambalo sisi kwa itikadi yetu hatuwezi kulikariri, maana linamnasibishia Mwenyezi Mungu usingizi, naye hashikwi na usingizi wala kusinzia. Makusudio yake twayaelewa, na kwa mtoto ni ya kweli: anayenakili mkono wake hufanya kazi, jicho lake hulala.

Basi tukawasimulia Lamu. Tuliwaambia wafumbe macho, tukawapitisha kwenye uchochoro mwembamba ambao punda wawili hawapishani, tukawaonyesha kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, vidaka ndani ya nyumba vilivyopangwa ukutani kama sega la nyuki, mlango wa mti ulionakshiwa maua na mnyororo pembezoni, na mfaa katikati ya mbao zake mbili. Kisha tukawafikisha pwani: mnazi ulioinama, jahazi limeegemea ubavu, maji yamejaa. Hatukumtaja mtu wala mnyama baada ya wale punda. Hakuna aliyewakosa.

Walichora kwa nusu saa, na karatasi zao ni jambo ambalo tungependa kila mzazi alione. Wengi wao hawajaiona bahari. Wakaipaka kahawia, kwa kuwa maji mengi wanayoyajua ni ya mto wa mtaani kwao. Mmoja alilipaka jahazi mapambo ya matatu, akaliandika namba 46 kwenye omo. Mvulana mwingine aliuchora mlango wa Lamu vizuri sana, akautia makufuli saba. Tukamwuliza kwa nini. “Ni mlango mzuri, Ustadh. Wataubeba.” Mwalimu alituonyesha namna anavyosahihisha: haandiki alama, humwuliza mtoto akaeleze mstari ulianza wapi na rangi hii aliichagua kwa nini. Mtoto wa miaka kumi akijibu swali hilo mbele ya wenzake amefanya kazi ya lugha, ya hesabu na ya adabu kwa pamoja.

Vifaa vyake ni takataka zilizochaguliwa. Magazeti ya kale hutafunwa na gundi ya unga yakawa ubao. Viazi hukatwa nusu, vikachongwa nyota au jani, vikachovywa rangi na kugongwa kwenye karatasi. Nyuzi za mgomba hutoka kwa wenye vishamba upande wa Dagoretti. Vitambaa vya kolaji hutoka kwa mafundi cherehani. Na hapo ndipo tulipopata habari ambayo barua haikuwa nayo: baba wa binti yetu ni fundi cherehani, na viraka vya darasa lile, mfuko baada ya mfuko, vilitoka dukani kwake, hadi alipojua kazi yake.

Binti mwenyewe alikaa safu ya tatu. Wenzake walipokuwa wakichora Lamu, yeye alikuwa amekunja mikono juu ya dawati, macho kwenye karatasi ya jirani. Hatukumsemesha mbele ya watu.

Baada ya Alasiri tulikwenda dukani. Ni kibanda cha mabati chenye cherehani mbili, kanzu na buibui zimening'inia, na karatasi za kaki za vipimo zimetundikwa msumarini. Alituamkia shikamoo, akatupa kiti, akatuma chai. Ni kijana mwema, asili yake Lamu, tena mwenye khofu ya Mungu, na khofu hiyo hatukwenda kuiondoa. “Sheikh,” alisema, “mimi nimesikia kwenye mawaidha kwamba wenye kuchora ndio wa adhabu kali. Mwanangu ni mmoja tu wa kike. Nimwache aende huko kwa sababu ya alama za shule?”

Tulimjibu kwamba onyo alilolisikia ni sahihi, limo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i, Imamu Nawawi akiwa mbele yao, wamelikaza kwa sura ya chenye roho, iwe na kivuli au isiwe nacho. Wapo wengine, miongoni mwa Wamaliki na wasiokuwa wao, waliopambanua baina ya sanamu lenye kivuli na mchoro wa bapa. Hatukumtaka atoke kwenye madhehebu yake kwa ajili ya taarifa ya muhula. Tulimwomba alifuate onyo lile hadi mwisho wake. Maana ndani ya vitabu vivyo hivyo imo habari ya mtu aliyemjia Ibn Abbas (R.A.), akamwambia kwamba riziki yake ni kazi ya mikono yake, kutengeneza picha. Ibn Abbas akamsikilizisha onyo la Mtume (S.A.W.), yule mtu akatishika mpaka uso ukamgeuka rangi. Kisha Ibn Abbas hakumvunja mkono. Alimwambia kwamba ikiwa hana budi, basi miti, na kila kisichokuwa na roho.

Kijana alinyamaza, mguu umetulia juu ya kanyagio la cherehani.

Tukamkumbusha tena wanasesere wa Bi Aisha (R.A.), ambao Mtume (S.A.W.) aliwaona na asiwakataze, na katika riwaya ya Abu Daud mna farasi miongoni mwao mwenye mbawa mbili. Mbawa hizo zilikuwa za viraka vya nguo. Mtume aliuliza farasi wa mbawa ni wa wapi. Bi Aisha akajibu kwa farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka. Kwa habari hii wengi wa wanavyuoni wamewaruhusu watoto vitu vyao vya kuchezea, hata waliokaza kwingineko. Neno “viraka” lilimfanya kijana atazame chini, kwenye mfuko uliojaa chini ya meza yake.

“Basi nilimkataza lisilokatazwa?” aliuliza.

Tulimwambia kwamba mstari haukukatazwa, wala rangi, wala ua, wala jahazi, na kwamba yeye mwenyewe huchora kutwa: chaki ile mkononi mwake inapopita juu ya kitambaa na kuacha umbo la bega la mtu asiyekuwapo, ni nini? Laiti wazee wetu wangeona kila mchoro ni haramu, zisingekuwapo Qur'ani za Siyu zilizopambwa kwa wino wa rangi, wala kofia za vito, wala hina ya maharusi. Lakini tulimwambia pia, na hili twawaambia walimu watakaosoma hapa, kwamba shule nayo haina haki ya kumlazimisha mtoto wa Kiislamu afinyange mtu au mnyama ikiwa wazazi wake hawaridhii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, imekataza mtu kulazimishwa kutenda lililo kinyume cha imani yake. Mzazi aliyekasirika na asiende shuleni, akachana daftari nyumbani, ameiacha haki yake barabarani.

Mkewe alikuwa ameingia na binti katikati ya maneno, wakakaa kwenye benchi la nyuma. Mama hakusema kitu. Binti alikuwa ameokota kipande cha kaki, na bila shaka alidhani sote tunatazamana wenyewe kwa wenyewe. Alikuwa na kipande cha chaki ya babake, cha ukubwa wa punje ya hindi. Baba alinyosha shingo. Tuliogopa kidogo.

Ulikuwa mlango, ule tuliowasimulia asubuhi, na ua la duara juu ya kizingiti, na mnyororo pembeni umekwenda sawa bila rula.

“Mfaa uko wapi?” baba aliuliza.

Binti akainama.

“Mlango wa kwetu haukosi mfaa. Mbao mbili zitafungana vipi?” Akaichukua chaki, akainama begani mwa bintiye, akapitisha mstari mmoja katikati kutoka juu hadi chini, ulionyoka kama wa kukatia kanzu. Halafu akajirudia kidogo, kama mtu aliyeshikwa akifanya jambo, akauliza chai kwa nini imechelewa.

Ufunguo wa kabati hatukuuona ukitoka jioni ile. Wiki moja baadaye mama alituletea ujumbe kwamba muhula huu kuna ufinyanzi, na watoto wamepangiwa kuumba mnyama wa kufugwa. Mwalimu amekubali binti yetu aumbe mtungi, pamoja na watoto wengine wawili waliosema nao wataka mtungi ingawa si Waislamu. Mkubwa wa shule ametaka barua ya mzazi ndipo aidhinishe. Baba ameiandika mwenyewe, kurasa mbili, kwa Kiswahili, na ametutumia tumtazamie hijai kabla hajaipeleka. Tumesahihisha maneno matatu.

Wabillahi tawfiq.